Mkalimani Aliyekwangua Kutu ya Manowari

Hapa Sanyuanli, mtaa wa Waafrika jijini Guangzhou, mtu akikufanyia jambo bila kutaja bei, kwanza unashika mkoba wako, kisha unaangalia nyuma yako. Hatukuzaliwa na tabia hiyo. Tulifundishwa na wenye maduka, na mawakala wa mizigo, na wenzetu wenyewe waliotutangulia kufika. Kwa hiyo siku habari iliposambaa kwamba Mkalimani huenda kila Jumamosi kukwangua kutu kwenye manowari ya zamani ya Wachina, tena bure, sikuwa peke yangu niliyesema moyoni: mzee huyu ana lake.

Tulimwita Mkalimani kwa sababu ndiyo kazi aliyotufanyia, na kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika na jina lake. Mmoja alisema anaitwa hivi, mwingine vile, na yeye aliitika yote. Alikuwa mtu wa Kigoma, mwenye miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata Julai, wakati sisi wengine tunatamani kuvua ngozi. Kichina alikijua cha serikali na kile cha wenyeji wa huku kusini. Kifaransa alikiokota kwa Wakongo kule ziwani. Alikuja lini China, alikuja na nani, alifuata nini, hayo hakuna aliyeyajua, na aliyeuliza alijibiwa kwa swali: "Wewe mzigo wako umetoka?"

Mimi ni mfanyabiashara kutoka Mbeya. Nanunua mikoba na nguo za kike, na miaka yangu mingi ya Guangzhou nimeitembea nikiwa nyuma ya mgongo wa mzee yule. Nasema nyuma kwa sababu hakupenda kutembea sambamba na mtu. Alitangulia hatua mbili, chupa yake ya maji ya moto ikining'inia mkononi, na ukimwita hageuki mpaka amalize kuvuka barabara.

Siku moja alinipeleka Shiling, mji wa mikoba, kwa bosi mmoja mwanamke, laobanniang kama tunavyowaita. Nilitaka mikoba yenye zipu imara, kwa sababu safari iliyopita wateja wangu walinirudishia mikoba iliyofunguka yenyewe sokoni. Yule mama alicheka na mimi vizuri, akanimiminia chai, kisha akageuka akamwambia binti wa dukani maneno machache kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza kiti. Mkalimani akanigeukia.

"Amesema akupe zipu zile za zamani," aliniambia. "Amesema huyu mweusi hatajua tofauti, na hata akijua hana pengine pa kwenda."

Nilisimama. Laobanniang aliona uso wangu, akamtazama Mkalimani, akaelewa. Alimfokea kwa muda mrefu, na Mkalimani, kwa utulivu uleule, akaanza kunitafsiria na matusi aliyokuwa akitukanwa yeye mwenyewe, sentensi kwa sentensi, mpaka nikamwomba aache. Zipu nzuri nilizipata duka la tatu kutoka pale. Yeye hakuruhusiwa tena kukanyaga kwa yule mama.

Mtu mwingine angerudi kwenye basi akimshukuru Mungu kwa mkalimani mwaminifu namna hiyo. Mimi nilikaa dirishani nikiwaza jambo jingine. Niliwaza kwamba mtu anayeweza kunifikishia la yule mama bila kupunguza hata chembe, anaweza kumfikishia mtu mwingine la kwangu vilevile. Nilipomdokezea, hakukasirika. Alisema, "Mimi ni mlango, mama Tumaini. Mwenye nyumba ni mwingine." Tumaini ni binti yangu. Sikumbuki kama niliwahi kumtajia.

Alikuwa na misemo yake mingi, mingine ya kuchekesha. Kuhusu neno meiyou, ambalo wenye maduka hulitumia kukwambia hakuna, alisema: "Likisemwa mara moja ni hakuna. Likisemwa mara tatu, ni bei tu haijafika." Kuhusu sisi Watanzania alisema tunaomba punguzo kama watu wanaoomba msamaha. Kuhusu kwao hakusema lolote isipokuwa migebuka. Samaki wa Guangzhou wote, wa mtoni na wa baharini, kwake hawakufika hata kwenye mkia wa mgebuka wa Kigoma.

Lakini mambo yaliyotutia shaka yalikuwa mengi kuliko yaliyotuchekesha. Hakukubali kupigwa picha. Ibada ikiisha Jumapili, watu wakijipanga kwa picha ya pamoja, yeye ndiye aliyeshika simu kupiga. Mgahawani alikaa akiutazama mlango. Hakuna aliyejua chumba chake. Tulijua tu anashuka kwenye metro kituo kimoja kabla yetu. Na alikuwa na daftari, dogo, jekundu, la kuingia mfuko wa shati. Ukimaliza kuzungumza naye, ukigeuka baada ya hatua chache, utamkuta ameinama anaandika.

Kuna siku alinisindikiza hospitali. Sitasema nilikuwa naumwa nini, ila ni ugonjwa wa kike, na nilitamani mno mkalimani awe mwanamke, lakini hakupatikana. Alisimama akiutazama ukuta penye kalenda, akampa daktari maneno yangu na kunipa ya daktari, bila kugeuka hata mara moja. Tulipotoka aliniuliza kama nimekula. Tangu hapo hakulitaja tena, wala kwa jicho. Ningepaswa kumshukuru. Badala yake nikaanza kumwogopa. Mtu anayeitumia siri yako angalau unajua anataka nini. Yule alikuwa nazo zetu zote, amezitia mfukoni, na hakuwahi kutaka kitu.

Habari ya manowari ililetwa na papa Dezire, Mkongo wa Bukavu anayenunua nguo Zhanqian Road. Alikwenda upande wa Huangpu kuangalia ghala, akapita kando ya mto, akaona meli ya kijivu yenye mzinga mbele, imefungwa gatini na kuzungushiwa uzio. Juu ya sitaha alimwona Mkalimani amevaa ovaroli la bluu, anacheka na wazee wa Kichina, wawili kati yao wamevaa kofia za kijeshi.

"Mi nilimuona na macho yangu, mama," aliniambia, mkono kifuani. "Ndani ya bateau ya militaire. Mugeni anaingia pale namna gani? Ye ni espion."

Mpelelezi! Nilimwambia aache. Lakini jioni hiyo niliwasimulia wawili, na hao wawili wakawa na marafiki.

Kumbe haikuwa siri. Ile ilikuwa meli ya kivita ya enzi za mababu, iliyogeuzwa makumbusho, ikafungwa kwa sababu inavuja na kuoza. Wastaafu wa karakana ya meli walijitolea kuitengeneza ili ifunguliwe tena, wakakaribisha yeyote mwenye mikono. Mchungaji alipomuuliza Mkalimani kwa nini anakwenda, alijibu kwamba daktari amemshauri afanye mazoezi. Papa Dezire alipomuuliza, alisema anajifunza majina ya Kichina ya vyuma vya meli. Mimi nilipomuuliza alisema kwao ziwani kuna meli kuukuu ya Wajerumani, iliyoanza kwa vita ikaishia kubeba abiria na magunia ya dagaa, na kwamba harufu ya meli ya namna hiyo anaipenda.

Majibu matatu kwa swali moja. Sokoni, mtu akikutajia bei tatu kwa bidhaa moja, unajua ya kweli ni ya nne.

Sasa nimtaje Neema. Alikuwa msichana wa Dodoma, tuseme mwanamke, maana alikuwa ameolewa, lakini nilimwona mdogo wangu. Tulipanga chumba kimoja, ghorofa ya kumi na moja. Alinunua simu na vifaa vyake kwa ajili ya duka la mume. Viza yake iliisha, akakaa wiki, zikawa wiki nyingi. Aliishi kwa kujibanza: hashuki kwenye lifti na watu, hapiti mtaa wenye askari, usingizi wake mwepesi kama wa kuku mwenye vifaranga. Aliyejua habari ile ni mimi, na Mkalimani, ambaye Neema alimwendea kumuuliza sheria inasemaje.

Jumanne moja saa tatu asubuhi polisi walikuja. Hawakugonga vyumba vingine. Walipanda moja kwa moja ghorofa ya kumi na moja, wakagonga kwetu, wakamtaja Neema kwa jina lake lote la pasipoti. Hakupiga kelele. Alivaa viatu, akanikumbatia, akaniambia, "Dada, usinililie," akaondoka nao. Baada ya siku chache tukasikia amepandishwa ndege kurudishwa nyumbani.

Nilikaa kitandani kwangu nikihesabu watu waliojua. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi.

Sikusema kitu mara moja. Nilitaka ushahidi, maana mama yangu alinilea nisiseme la mtu bila kuliona. Nikampigia Mkalimani, nikamwambia kwa sauti nyepesi kwamba na mimi ningependa kuiona hiyo meli. Akasema, "Njoo Jumamosi. Vaa nguo ya kuchafua."

Nilikwenda. Metro mpaka karibu mwisho wa njia, kisha basi, kisha kwa miguu kando ya mto. Meli ilikuwa ndogo kuliko nilivyofikiri, na chafu kuliko. Ubavu mmoja ulikuwa umepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ubavu wa pili bado ulikuwa na magamba kama ngozi ya kenge. Walikuwepo wazee kama kumi, wanawake watatu kati yao, na kiongozi wao, mfupi mwenye vidole vinene, aliyeitwa na wote Shifu, yaani fundi mkuu. Zamani alikuwa akitengeneza mitungi ya mvuke ya meli. Shifu hakuniuliza mimi ni nani. Alinipa brashi ya waya, miwani na kitambaa cha kufunika pua, akanionyesha mlango wa chuma wenye kutu, akaenda zake.

Nilikwangua huku macho yangu yako kwa Mkalimani. Nilimwona akifanya kazi ambayo sikujua anaiweza: anagonga kutu kwa nyundo ndogo, anapuliza vumbi, anapapasa chuma kwa kiganja kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la uso la mtoto. Kisha saa nne likapita gari la polisi nje ya uzio, likasimama. Askari akashuka, akamwita Mkalimani kwa jina la Kichina ambalo sikuwahi kulisikia. Mkalimani akamwendea. Walizungumza, wakacheka, askari akampa sigara, naye ambaye havuti akaipokea na kuiweka sikioni.

Niliendelea kukwangua, macho kwenye sigara ile.

Wakati wa chakula wote walipanda juu. Mimi nilisema nakwenda kunawa. Makoti yalitundikwa kwenye chumba kidogo kilichokuwa zamani cha nahodha, na shati la Mkalimani lilikuwa pale, na daftari lilikuwa mfukoni. Nililifungua. Kurasa za mwanzo zilikuwa maneno ya Kichina na maana zake. Katikati ilikuwa orodha yetu. Majina yetu, jengo, ghorofa, chumba, na mbele ya kila jina tarehe ambayo viza inaisha. Langu lilikuwemo. Ya Watanzania, ya Wakongo, yote yalikuwemo. Na jina la Neema lilikuwa limepigwa mstari.

Nilirudisha daftari, nikapanda juu, nikala wali wao pamoja nao. Mkalimani aliniuliza kama nimechoka, nikamwambia kidogo.

Jumapili yake nilisimama kwenye ibada. Tunasalia ukumbini ghorofa ya pili ya hoteli moja, Watanzania na Wakongo pamoja, na Mkalimani ndiye aliyekuwa akisimama kando ya mhubiri, Kiswahili kiende Kifaransa na Kifaransa kirudi Kiswahili. Wakati wa matangazo niliomba nafasi. Nilisema nilichokiona: askari, sigara, daftari, majina, mstari. Sikuongeza kitu. Nataka hilo lijulikane, ingawa sijui linanisaidia nini. Mkalimani alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, na kwa kuwa ilikuwa kazi yake, aliyatafsiri maneno yangu kwa Wakongo mpaka mwisho. Hata neno msaliti alilitafsiri.

Mchungaji alimuuliza ana la kusema. Akasema, "Hapana." Akachukua chupa yake ya maji akatoka.

Kuanzia wiki hiyo hakuna aliyemwita. Watu waliokuwa wakimgombania asubuhi walijifunza kunyoosha vidole na kubonyeza mashine za hesabu. Walioshindwa walichukua wakalimani vijana wanaotafsiri nusu na kula njama na wenye maduka. Mimi mwenyewe niliuziwa Shiling mzigo wenye gundi badala ya uzi. Hilo nililipokea kama gharama ya usalama. Nilipokutana naye kwenye ngazi za metro nilimwamkia, maana shikamoo haina kosa, naye akaitikia marahaba, tukapishana. Kilichonikera ni kwamba hakuonekana na hasira. Nilisema: ona, hata kukana hakani.

Ulipita mwaka na zaidi. Mchana mmoja niko Zhanqian Road kwenye duka la magauni, simu ikaita. Ni Neema. Tulilia kidogo, tukacheka, akaniambia mama yake amefariki. Nikampa pole. Akasema alimkuta hai, wakakaa miezi mitatu, alimwogesha na kumlisha mpaka siku ya mwisho. Kisha akasema, "Nisalimie mzee Mkalimani. Bila yeye nisingemzika mama yangu."

Nilitoka dukani nikasimama penye ngazi. Nikamwambia anieleze polepole.

Alinieleza. Mama yake alipozidiwa, Neema aliomba mume amruhusu arudi, mume akakataa. Alitaka akae mpaka mizigo miwili zaidi itoke, na akamwambia akirudi kwa miguu yake asifikie kwake. Na kwa viza iliyoisha asingepita uwanja wa ndege kimyakimya. Ndipo akamwomba Mkalimani ampeleke polisi ajisalimishe. Mkalimani alimwuliza mara tatu kama ana hakika. Ijumaa walikwenda pamoja, akamtafsiria maelezo yake yote, akawaomba polisi wasimweke ndani mwisho wa wiki. Wakakubali, wakasema watamfuata Jumanne nyumbani kwake. Neema akamwapisha mzee asimwambie mtu hata mmoja, wala dada yake wa chumbani, ili nyumbani ijulikane amekamatwa. Aliyekamatwa hana lawama.

"Sasa mume anajua," alisema. "Nimemwambia mwenyewe juzi. Kwa hiyo na wewe nakwambia."

Nilimuuliza habari ya daftari. Alishangaa kwamba sijui. Mzee aliandika tarehe za viza za watu wote ili awakumbushe kabla hazijaisha. Hapo nikakumbuka zile simu zake fupi kila mwaka: mama Tumaini, karatasi yako inaisha mwezi ujao. Mimi kila mara nilikuwa nikijiuliza, huyu amejuaje?

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilivyoviona vyote vilikuwa kweli. Mzee aliwajua polisi, majina yetu aliyaandika, na Neema alifikishwa kwao kwa mdomo wake yeye. Mimi niliona kila kitu sawasawa na nikakosea.

Jumapili nilisimama tena. Nilidhani kazi itakuwa rahisi kama ile ya kwanza. Nilisimulia yote, na aliyetafsiri alikuwa kijana mmoja wa Uvira, kwa kusitasita. Kisha papa Dezire akasimama, mtu mwema ambaye amenisaidia mara nyingi, akauliza taratibu: "Na huyo Neema, nani alimuambia aseme vile? Leo, kisha mwaka muzima kupita?" Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja wa Arusha akasema mpelelezi hodari ndivyo anavyojisafisha, kwa kinywa cha mwingine. Mchungaji akasema tuliweke jambo hili kwenye maombi. Likawekwa, na mpaka leo liko hukohuko.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Huangpu.

Meli ilikuwa imebadilika. Pande zote mbili zilikuwa na rangi ya kijivu, madirisha ya duara yamerudishiwa vioo, na mzinga wa mbele umepakwa mafuta. Shifu alikuwa amekonda, amekaa kwenye kiti cha kukunja, anaelekeza kwa fimbo. Alinionyesha chini. Nikashuka ngazi za chuma mpaka chumba cha injini, ambako joto lilikuwa la kupikia, na nikamkuta Mkalimani amepiga magoti nyuma ya bomba, taa ya kichwani, anakwangua mahali ambapo hakuna mgeni wa makumbusho atakayepaona kamwe.

Nilimwamkia. Akaitikia. Akasogea kidogo kunipa nafasi na kunipa brashi, nikapiga magoti, tukafanya kazi. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu tangu kwenye metro. Ilitoka kama vipande vya sahani. Nilimwambia Neema amenipigia. Nilimwambia nilisema mbele za watu, na kwamba hawakuniamini. Nilimwomba msamaha.

Alizima taa ya kichwani ili isiniangaze machoni.

"Miaka yote hiyo ulikuwa na swali moja tu kwangu, kama naaminika," alisema. "Ukaenda kuwauliza wengine."

Juu yetu wazee walikuwa wakiburuta mnyororo na meli nzima ilikuwa ikivuma. Nilimwambia ningeweza kuwabembeleza watu wa ibada, mmoja mmoja, na kwamba nafasi yake kando ya mhubiri ipo. Alisema siku hizi Jumapili pia anakuja huku, kuna kazi nyingi kabla ya ufunguzi. Nikaona kwamba sasa nina haki ya swali la pili, au sina, lakini nililiuliza. Nilimuuliza ni kwa nini hasa anaitengeneza meli hii.

Aliendelea kukwangua.

"Wiki nzima nabeba maneno ya watu," alisema. "Hapa nabeba kutu."

Lilikuwa jibu la nne. Nitasema ukweli wote: nilimsikiliza, nikaona jinsi mabega yake yalivyolegea mle ndani kwa namna ambayo sikuwahi kuyaona sokoni, nikamwamini, na bado kitu kidogo ndani yangu kiliinua kichwa kikauliza, ni hilo tu? Sijui kama kitu hicho kitakufa kabla yangu.

Tulifanya kazi mpaka saa kumi. Tulipotoka getini, mlinzi mpya, kijana mwenye kalamu masikioni kote kuwili, alituita. Utaratibu umebadilika, alisema, kila mgeni aandikwe na aliyemleta aandikwe. Alimwuliza Mkalimani kitu, Mkalimani hakunitafsiria. Alisimama tu, akiutazama mto. Nikajua ameniachia. Kichina changu ni cha dukani, lakini swali nililielewa: huyu ni nani wako?

"Pengyou," nilisema. Rafiki.

Mlinzi aliandika. Kisha akamwangalia Mkalimani, kwa sababu yeye ndiye mwenyeji, akamrudia swali. Mkalimani alifunga kifungo cha juu cha shati lake, akanitazama usoni, bila chuki na bila huruma.

"Kehu," alisema. Mteja.

Mlinzi akalikata neno langu, akaandika la kwake. Mkalimani akanishikia geti nipite. Alitangulia kuelekea kituo cha basi, hatua mbili, na mimi nyuma.

Jumamosi iliyofuata nilirudi na nguo ya kuchafua.